Nani Ameshika Beseni?

Ukipanda matatu ya Nyeri kwenda Nanyuki, shuka kwenye kibao cha ikweta kabla hujaingia mjini. Utamkuta kijana mwenye beseni lililotobolewa tundu dogo katikati, jagi la maji na njiti mbili za kiberiti. Atakupeleka hatua kama ishirini kaskazini ya mstari, amimine maji, atie njiti, nazo zitaanza kuzunguka. Mtavuka mstari mwende kusini hatua zile zile: sasa njiti zinazunguka kinyume. Mkirudi juu ya mstari wenyewe, maji yanashuka kimya na njiti zimetulia kama zimelala. Wageni hupiga makofi, na kwa pesa kidogo zaidi unaondoka na cheti chenye jina lako.

Kabla hujamlipa mganga, mtabiri, mnajimu au nabii yeyote kuanzia Murang'a hadi Meru, lipa kwanza pesa ya beseni. Hakuna karo nafuu kuliko hiyo katika somo hili. Mara ya kwanza tazama njiti, kama kila mtu. Mara ya pili achana na njiti, tazama miguu ya kijana. Akifika kaskazini hugeuka upande mmoja kuwakabili wageni, beseni likiwa mkononi. Akifika kusini hugeuka upande mwingine. Maji huwa yameshaanza kuzunguka kabla tundu halijafunguliwa, taratibu kiasi kwamba jicho halioni, na yakianza kutoka mwendo ule unaongezeka. Juu ya mstari hageuki.

Ni kweli mzunguko wa dunia hupinda mwendo wa vimbunga vikubwa, ndiyo maana mchezo huu una ladha ya sayansi. Lakini ndani ya beseni nguvu hiyo ni ndogo mno. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alilazimika kutumia tangi lenye upana wa futi 6 na kuyaacha maji yatulie saa 24 ndipo aione, tena huko ni mbali sana na ikweta. Kwetu hapa, juu ya mstari wenyewe, ni sifuri, na hatua ishirini haziongezi kitu.

Nilimwomba kijana mmoja aniachie nimimine maji mwenyewe, yatulie, kisha nifungue tundu. Akacheka. "Buda, wewe umesoma sana," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Simlaumu, anauza mchezo kwa pesa ndogo na sijasikia mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili yake. Ila swali nililoondoka nalo pale ndilo ninalokupa wewe: nani ameshika beseni? Ukisikia neno la kushangaza kuhusu maisha yako, usianze kwa kuuliza kama huyu mtu ana nguvu. Uliza habari hiyo ilipitia mikono ya nani kabla ya kufika kinywani mwake.

Benchi la Karatina

Swali hilo nililitumia siku nilipomsindikiza tata, dada yake baba, kwa mganga mmoja Karatina. Hatimiliki ya shamba lake ilikuwa imepotea, na mtu wa kanisani kwao alikuwa amempa nambari ya simu. Tulipanda ngazi juu ya duka la dawa za mifugo, tukakuta benchi, msichana mwenye daftari kubwa, na akina mama watatu wanaosubiri.

Msichana aliandika majina yetu na tunakotoka. Akasema kuna shilingi 200 za kufungua mlango, zitumwe kwa M-Pesa. Nikatuma. Wakati tunangoja, mama mmoja kati ya wale watatu, mchangamfu kweli, akamsogelea tata. Pole mama, safari imekuwaje, barabara ya kwenu bado ni matope? Mimi nimekuja hapa mara ya tatu, huyu mtu alinirudishia ng'ombe wawili. Wewe je, una shida gani? Na tata, ambaye nyumbani haambii hata mchungaji wake anakula nini, akamwaga yote: shamba, karatasi, marehemu mumewe, wifi yake wasiyeelewana. Baada ya dakika kumi yule mama akasema anaenda kujisaidia. Hakurudi kwenye benchi mpaka tulipokuwa tumeshaingia.

Kwa hiyo tulipoketi mbele ya kitambaa chekundu, katikati ya moshi wa udi, na Biblia na Kurani zimewekwa pamoja kama wageni wa harusi moja, mganga alijua mengi. "Mama, naona karatasi. Naona mwanamume aliyelala chini ya udongo, hajatulia." Tata akaguna. Mimi nilikuwa natazama miguu.

Kisha akanigeukia. "Wewe bwana, kwenu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikadanganya. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume. Tata akanikanyaga mguu.

Akafumba macho. "Nyuma yako amesimama mzee. Ndiye aliyemzaa baba yako. Mnashiriki jina. Alikufa na kinyongo, ndiyo maana mambo yako hayanyooki."

Mzee ninayeshiriki jina naye hakumzaa baba, alimzaa mama. Na asubuhi ile alikuwa Tetu anamkatia ng'ombe nyasi.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nilidhani tata amefunguka macho. Wapi! "Uliharibu wewe," aliniambia. "Ulimdanganya, ndiyo maana akaona vibaya." Sikuwa na jibu la kumshinda. Mtu anayeona wafu waliosimama nyuma yangu angetangulia kuuona uongo uliokuwa mbele yake, lakini jaribu kumwambia hivyo shangazi yako aliyepoteza hatimiliki.

Jina lako linasema mengi

Alichokifanya mganga yule hakikuhitaji majini. Jina langu kamili lilikuwa limeingia chumbani kabla yangu, kwenye ujumbe wa M-Pesa: ukimtumia mtu pesa, simu yake inaonyesha jina la aliyetuma. Ukimpigia tu, programu za kutambua wapigaji zinaweza kumwonyesha jinsi watu walivyokuhifadhi kwenye simu zao, na huku kwetu watu huhifadhi kwa maelezo: jina, kazi, mji. Nambari yako ya simu inaweza kumwambia kwamba unauza mitumba kabla hujamwambia umelala vipi.

Halafu majina yetu yenyewe. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa hiyo mtu akijua jina lako na nafasi yako ya kuzaliwa, amekwisha kumjua nyanya au babu yako mmoja, na kama wewe ni mtu mzima kuna uwezekano mkubwa mzee huyo amefariki. "Kwenu ni wa ngapi?" inasikika kama salamu. Kwa mwanamke kazi ni rahisi zaidi. Majina ya mabinti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote, kina Wanjiru, Wambui, Njeri, Wangari na dada zao, hayafiki hata kumi na mawili. Akikuambia kwamba kuna Wambui katika ukoo wako anayekuonea kijicho, niambie ni boma gani la Nyeri lisilo na Wambui.

Basi ukienda, nenda hivi. Lipa kwa noti, au kwa simu ya rafiki ambaye hakuja nawe. Kwenye benchi zungumzia mvua na bei ya majani chai, usiseme shida yako. Ndani, kaa kimya. Usiitike kwa kichwa, usigune, usiseme "ndiyo, ndiyo" kama tulivyolelewa kumwitikia mkubwa. Heshima hiyo ndiyo inayomwongoza. Weka mtego mmoja mdogo: mtaje ndugu asiyekuwepo, au umpe nafasi ya kuzaliwa isiyo yako. Yule ndugu akishapata ugonjwa na kurogwa, umeshajua unachotaka kujua.

Nenda na mtu wa kuandika, maana kumbukumbu yako itamtetea mganga. Akisema mambo ishirini, manne yakagonga, wiki ijayo utayakumbuka manne tu. Kwenye karatasi andika yote, hasa yaliyopita pembeni.

Maneno yanayomtosha kila mtu

Kwa wanajimu wa magazetini na wa WhatsApp, kipimo ni rahisi hata zaidi, na unaweza kukifanya kwenye chama chenu baada ya kuchanga. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer, Marekani, aliwapa wanafunzi wake kile alichowaambia ni uchambuzi wa tabia ya kila mmoja peke yake. Wakaupa alama za usahihi, na wastani ukawa 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na maneno yake mengi aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu kilichouzwa mitaani. Unapenda watu wakukubali. Kwa nje unaonekana mtulivu lakini ndani una wasiwasi. Nani hana? Kata utabiri wa nyota zote kumi na mbili gazetini, ondoa majina ya Mapacha, Simba, Nge na wengine, uwagawie wanachama, kila mmoja achague ulio wake. Wachache watapata. Wengi watachagua ule wenye pesa.

Nao wanajimu wa kusoma, wenye vitabu na hesabu? Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson. Wanajimu walioheshimiwa na wenzao walipewa ramani ya nyota ya mtu na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mwenye ramani, wachague. Walipatia kama mtu anayebahatisha tu, karibu mara moja kati ya tatu. James Randi naye aliweka dola milioni 1 kwa yeyote atakayeonyesha kipawa cha namna hii chini ya masharti yaliyokubaliwa na pande zote. Zawadi ilifungwa mwaka 2015. Hakuna aliyeichukua.

Kuna utabiri wa aina nyingine ambao hauna maji maji haya, nao unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu unasikika wazi na wa kijasiri. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011, alikuwa mnajimu mashuhuri kuliko wote Afrika Mashariki. Kuelekea uchaguzi wa Tanzania wa 2010 alitangaza kwamba mwanachama wa CCM atakayejitokeza kushindana na Rais Kikwete atakufa ghafla. Hakuna aliyeshindana na Kikwete ndani ya chama chake, na hakuna aliyekufa kwa kushindana. Je, utabiri ulitimia? Haukupimwa. Ulikuwa na mlinzi mlangoni. Mganga anayekuambia "ukienda hospitali kabla ya dawa hii utapooza" ameweka mlinzi yule yule.

Kwa hiyo mwombe tarehe. Yule wa Karatina alimwambia tata, "Karatasi itarudi." Itarudi lini, mikononi mwa nani, kupitia ofisi gani, hakusema. Utabiri usio na tarehe haushindwi kamwe, husubiri tu.

Mugo wa Kibiru hakuwa na bango

Ukizungumza hivi kwenye kibanda cha chai Othaya, lazima mzee mmoja atakutajia Mugo wa Kibiru. Na ni haki yake. Kwa masimulizi ya Wakikuyu, Mugo aliamka siku moja anatetemeka, mwili una michubuko, akawaambia wazee kwamba watakuja wageni wenye rangi ya chura mdogo mweupe, nguo kama mabawa ya vipepeo, fimbo zitoazo moto, na nyoka wa chuma atakayenyooka kutoka maji makuu ya mashariki hadi maji makuu ya magharibi. Na inasimuliwa kwamba Waingereza waliuzungushia chuma mti wa mugumo wa Thika ili usianguke, kwa kuwa ilitabiriwa kwamba siku utakapoanguka ndipo utawala wao utakapokwisha. Ulianguka 1963.

Msomaji mkali atasema kwamba Jomo Kenyatta alichapisha masimulizi hayo katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, wakati reli ilikuwa imefika Nairobi tangu 1899. Ni kweli, na ni kanuni nzuri: utabiri huhesabiwa tangu siku ulipoandikwa. Lakini mimi hapo nina jambo jingine la kukuonyesha. Tazama namna alivyotabiri, kwa masimulizi yao wenyewe. Hakuita mtu mmoja mmoja chumbani. Alisema mbele ya wazee. Aliwaambia wasilotaka kusikia, kwamba wasipigane na wageni hao kwa mikuki kwa sababu wataangamizwa. Na hakuwauzia kinga ya kumzuia nyoka wa chuma asije.

Mundu mugo wa kawaida naye, yaani mganga wa jadi wa Kikuyu, yule wa kutikisa mwano, kibuyu chake cha mbegu, na kuzihesabu mbele ya macho yako, alikuwa jirani. Akikosea, mtaa wote ulijua. Sisemi mbegu zilijua kitu. Nasema kulikuwa na mahali pa kumrudia.

Sasa soma mabango kwenye milingoti ya stima kuanzia Kerugoya hadi Chuka. Mganga ametoka Tanga, Pemba, Sumbawanga, Kitui. Hatoki Mweiga kamwe. Ukifika Kitui utaambiwa wa kweli yuko Tanga. Umbali huo una kazi: hakuna anayemjua mama yake, hakuna aliyemzika mgonjwa wake. Na akihama usiku, hahamii popote unapopajua. Usiwaulize wateja wake habari zake. Muulize mwenye nyumba amepanga tangu lini. Muulize mama mboga wa chini ya ngazi, au vijana wa boda boda wa hapo steji, kama kuna sura zinazokaa kwenye lile benchi kila siku. Mama wetu wa ng'ombe wawili, niliambiwa baadaye, alikuwa na kibarua cha kudumu.

Usimchanganye huyu na mtu wa mitishamba. Anayekuuzia gome la muiri au la muthiga anaweza kukuonyesha mti, akakuambia kipimo, na asigombane na hospitali ya rufaa ya Nyeri ukitaka kupimwa kwanza. Cheti chake ukutani ni cha mitishamba. Hakimpi leseni ya kuona wafu.

Ngazi ya bei

Shilingi 200 zetu ziligeuka kuwa 1,500 za kusafisha. Kisha akaja mbuzi mweusi asiye na doa, ambaye hatukuruhusiwa kumnunua wenyewe sokoni Karatina, hatua chache kutoka pale. Tulitakiwa kutuma 12,000 wanunue wao. Nilipouliza tutamwona lini mbuzi, niliambiwa mizimu haipendi maswali. Nyuma ya mbuzi kulikuwa na ngazi nyingine, sikutaka kuijua.

Kumbuka bei ya kwanza huwa ndogo kwa makusudi. Aliyekwisha kutoa 1,500 anaogopa kuzipoteza, hutoa 12,000 ili kuziokoa. Kabla hujaketi uliza: mpaka mwisho ni shilingi ngapi, na nisipopona unarudisha nini? Uandike mbele yake. Na ukiambiwa usimwambie mtu la sivyo dawa itaharibika, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Naona mabango yanaongezeka bonasi ya majani chai ikilipwa Oktoba, na malipo ya kahawa yakitoka. Labda ni macho yangu, lakini majini nao wana kalenda ya ushirika.

Usidhani ni waganga wa udi peke yao. Mwaka 2014 runinga ya KTN ilionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyowatoza watu shilingi 310 za mbegu, na jinsi maji ya kuwaosha miguu yalivyogeuka mekundu kama damu ya laana. Ilikuwa kemikali ya pamanganeti tu. Nenda duka la dawa za mifugo lililo karibu nawe, nunua kidogo, tia chembe chache ndani ya beseni la maji mbele ya watoto wako. Na zile video za mwizi aliyevamiwa na nyuki mpaka arudishe mali, mpelekee mfugaji nyuki yeyote wa Naro Moru. Atakuambia kundi hufuata harufu ya malkia, na malkia anaweza kufungwa ndani ya kisanduku kidogo kinachoingia mfukoni.

Lakini bei ndogo nayo isikulaze. Mwaka 2011 maelfu, Wakenya wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Hapakuwa na mbuzi wala siri. Yawezekana mzee aliamini kila neno alilolisema. Hata hivyo wapo walioacha dawa za virusi vya ukimwi wakidhani kikombe kimetosha. Mtu mkweli na dawa ya kweli ni vitu viwili.

Akimtaja mtu

Hapa sina utani. Mganga akisema aliyekuloga ni "mwanamke wa ukoo wako, si mnene si mwembamba, mnapakana", inuka utoke, hata kama hujadaiwa senti. Maneno hayo yalitamkwa kwenye kile chumba, na kabla mganga hajamaliza tata alikuwa amekwisha kumweka wifi yake ndani ya maneno yale. Wifi huyo huyo aliyemtaja kwenye benchi. Kwa miezi mingi hawakusalimiana, mpaka kwenye mazishi wakawa wanapishana kama matatu mbili kwenye daraja jembamba.

Hiyo ni bahati nzuri. Oktoba 2021, Marani huko Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, imezeeka na ina kasoro zake, lakini walioitunga waliliona hili: kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Mganga anayekuuzia jina la mtu amekuuzia kiberiti.

Kama umeshatuma

Ikiwa pesa imetoka sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 kuomba irudishwe. Ukiwahi kabla hajaitoa una nafasi. Nambari ya tapeli itume kwa 333. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Nenda kituo cha polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio; kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3, na huhitaji kumthibitishia askari kama majini wapo au hawapo. Kama mtabiri wa mtandaoni alikuomba picha za utupu ili "asafishe nyota" na sasa anakutishia, usimlipe hata mara moja. Mwambie mtu unayemwamini leo, kabla yeye hajasema.

Kisha rudi kwenye shida yenyewe, maana bado ipo. Kesi ya urithi ina mahakama, mtoto anayesikia sauti ana daktari, na hatimiliki iliyopotea ina ofisi ya ardhi. Mimi na tata tulianza upya: taarifa ya polisi kwamba karatasi imepotea, kiapo mbele ya wakili, maombi kwa msajili wa ardhi, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungoja siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Foleni zilikuwa ndefu na kuna karani alitupotezea faili wiki nzima. Hakuna aliyeona mzee nyuma yangu.

Hati mpya ilitoka siku ya mvua. Tata aliifunga ndani ya karatasi mbili za nailoni, akaitia kifuani, na kwenye matatu ya kurudi alikuwa kimya mpaka tulipokaribia Karatina. Pale juu ya duka la dawa za mifugo pamekuwa kinyozi. Akapatazama, kisha akanitazama mimi.

"Si unaona," akasema. "Yule mtu aliniambia itarudi."